Daktari anayesomea ubingwa anachoka tu akilipwa?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Niko mwaka wa tatu wa ubingwa wa watoto. Wiki iliyopita idara imenipa barua ya kujieleza kwa sababu nilionekana nikifanya zamu ya kulipwa hospitali nyingine, Jumamosi mchana, siku yangu ya mapumziko. Zamu ya saa sita. Barua inasema nahatarisha wagonjwa kwa uchovu.

Haya, tuongelee uchovu. Mwezi huohuo wenzetu wawili walikuwa likizo ya uzazi, na zamu zao tukagawiwa tuliobaki bila hata senti. Katika moja ya zamu hizo, saa ya 29 tangu niingie kazini, nilimwandikia mtoto wa kilo 9 mofini ya mshipa, ile dawa kali ya maumivu, miligramu 9. Ilitakiwa 0.9. Nesi alinifuata na faili mkononi, akasema taratibu, "Dokta, hebu soma tena hapa." Nilisoma mara mbili na bado sikuiona. Mpaka aliponiwekea kidole palepale kwenye namba. Mtoto hakupewa ile dozi, na yule dada namwombea kheri mpaka leo.

Nilikwenda mwenyewe kutoa taarifa kwa bingwa wa zamu. Akaniambia niwe makini. Barua sikuandikiwa, ratiba haikuguswa, na kesho yake usiku nilikuwa wodini tena.

Yaani saa zao 29 ni mafunzo, saa zangu sita ni hatari?

Na sisemi kila mtu ajifanyie deiwaka, yaani zamu za kulipwa nje, anavyotaka. Wapo wanaotoka usiku huku asubuhi wanaingia kule, hao nawapinga waziwazi. Utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Lakini mwili haujui nani analipa. Marekani wameweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, wastani wa wiki nne, na tangu 2011 zamu za ziada za kulipwa, ziwe za hospitali yako au za nje, zinaingia kwenye hesabu hiyo. Wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kabisa kuzifanya. Hata hizo 80 ni nyingi, Ulaya kikomo ni wastani wa 48, ila angalau kuna mtu anahesabu. Kwetu hakuna anayehesabu. Posho inachelewa miezi, ada haichelewi, halafu ukijitafutia unaitwa mkosaji.

Jumatatu saa tatu asubuhi naingia kikaoni. Nimechapisha ratiba yangu ya wiki nane, saa zao na saa zangu kwenye karatasi moja, naenda kuiweka mezani. Aliyewahi kupitia kikao cha namna hii anieleze walimjibu nini.