Mrejesho: arifa za "simu yako ina virusi" kwenye simu ya mama

Assalaam alaykum. Niliuliza kuhusu simu ya mama hapa Wete, inayolia usiku kucha kwa tangazo la virusi. Ahsanteni sana, hapakuwa na programu mbovu wala virusi. Ni tovuti zilizopewa ruhusa ya kutuma arifa ndani ya Chrome, ile programu ya kufungulia tovuti. Nimeingia Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, nikazizuia zote isipokuwa ya habari anayoisoma. Kufuta historia pekee hakukusaidia, ruhusa ilibaki palepale.

Halafu, na hili kwa wazee wetu naliona kubwa zaidi, nimezima tovuti zisiweze hata kuomba ruhusa. Maana ombi huja katikati ya kusoma, mtu akabonyeza "Ruhusu" ili aendelee tu. Kesho naishika ya shangazi.