Wenye gauti, ile miezi inayotulia mnafanyaje?

Fundi Tabata
Wakuu habari za jioni. Gauti inanisumbua miaka sasa. Nalala mzima, usiku wa manane dole gumba la mguu linawaka moto, hata shuka likigusa napiga kelele, asubuhi mguu umevimba unang'aa kiatu hakiingii. Nameza diklofenaki za duka la dawa hapa mtaani, wiki haiishi nishapona nakimbilia daladala kama kawaida. Inakaa kimya miezi, narudi kwenye makongoro na bia za wikiendi, halafu paap. Zamani ilikuwa inakuja mara mojamoja, siku hizi zinafuatana na juzi imehamia gotini. Sasa sisemei siku ya maumivu, hiyo najua pa kukimbilia, nauliza huku katikati nyie mnafanya nini? Daktari mmoja kaniandikia alopurinoli ya kila siku, ile naanza tu ikalipuka upya nikaacha. Wife anasema dawa ndo imeniletea.

Mama J wa Mbagala
Pole kaka. Baba yangu anayo, tulimnyima maharage mpaka akawa mkali, kumbe maharage hayana shida kihivyo, wa kukwepa ni maini, figo, utumbo, dagaa na nyama nyekundu kwa wingi. Halafu uliza dawa zako zingine. Mzee alikuwa anakunywa ile ya presha ya kukojoza, haidroklorothiazidi, nayo inapandisha asidi ya yuriki, ule uchafu wa kwenye damu unaoleta gauti. Daktari akambadilishia losatani ambayo inaishusha kidogo. Ila usijiachishe mwenyewe dawa ya presha, tafadhali.

Kobe Mzee
Mahospitali yanakula hela tu, kamua malimao weka na magadi kunywa kila asubuhi utakuja kunishukuru.

Dawa Mezani
Kobe, limao sawa halimdhuru mtu, ila magadi ni chumvi hiyo, mwenye presha unampeleka pabaya.
Mkuu Fundi, alopurinoli haijakuharibu, kazi yake ni kushusha hiyo yuriki. Zile fuwele za yuriki, yaani vichembe vigumu kama chumvi, zimejipanga kwenye jointi muda mrefu, asidi ikianza kushuka kwenye damu zinameguka, zikimeguka zinachokoza, ndo unavimba. Ndo maana inaanzwa kidogo, miligramu 100 au chini ya hapo kama figo si nzuri, inapandishwa polepole kila baada ya wiki kadhaa, na miezi ile ya mwanzo unapewa kolchisini kidogo, dawa ya kuzuia uvimbe wa gauti, ya kukukinga. Wengi hawaambiwi hiyo wanaacha. Ukishaizoea hata gauti ikikupiga unaendelea nayo, huikatishi. Ila ukiona upele mwilini acha hapohapo uende hospitali, huo hausubiriwi mpaka kesho.
Kuhusu kimya chake, jointi haijapona mkuu, imenyamaza tu, fuwele bado zimo zinaongezeka. Diklofenaki inaua maumivu, yuriki haiigusi kabisa, na ukiibugia kila mara figo na tumbo ndo vinalipa. Wakati wa kutibu gauti ni huohuo unaojisikia mzima.

Fundi Tabata
Mbona nilipima siku ile mguu umevimba wakasema yuriki iko kawaida? Nikaona hawa wananizingua.

Dawa Mezani
Hiyo inatokea sana, ikiwa imekulipukia inaweza kushuka ikasoma kawaida. Rudia wiki mbili tatu baada ya maumivu kuisha, na upime kriatinini hapohapo, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo. Lengo ni yuriki iwe chini ya 6 kwa miligramu kwa desilita, maabara nyingine zinatumia maikromoli kwa lita basi iwe chini ya 360, na ikifika huko unaendelea na dawa, sio unasherehekea kwa kuiacha. Kama una vinundu vigumu kwenye vidole au sikio, wanataka ishuke chini ya 5.

Fundi Tabata
Asante mkuu. Na bia je, nikihamia konyagi?

Mama J wa Mbagala
😂😂 Kaka! Bia ndo inaongoza lakini pombe kali nayo imo. Na usikimbilie soda ukidhani umetubu, sukari ile nayo inapandisha yuriki. Maji, hasa na joto hili la Dar, na maziwa au mtindi usio na mafuta mengi. Mzee wangu sasa hivi anakunywa mtindi analalamika ila mguu unaingia kiatuni.