Fainali ya Simba na Berkane pale Amaan: ingekuwa 2-0 tungekwenda matuta au nyongeza?

Mkaa_Baraza_Chake

Assalaam alaykum. Mie nipo Chake Chake, n'na suali na naomba ajibu mwenye uhakika, sio "nadhani", maana nadhani tunazo tele huku.

Jana baada ya isha tumekaa barazani kama kawaida yetu, kahawa na kashata, kijana mmoja akafungua simu akaanza kutuonesha tena ile fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2025, Simba na RS Berkane, mechi ya pili ile iliyopigwa Unguja New Amaan. Mnakumbuka kule Morocco Mnyama alipigwa 2-0 robo saa haijatimia, moja dakika ya 8 jengine dakika ya 14, akarudi nyumbani na mzigo wake kichwani. Amaan Mutale akatia dakika ya 17, watu wakasema basi imo hiyo, limebaki moja tu. Sasa hapo kwenye "limebaki moja tu" ndo ugomvi ulipoanzia. Mie nikasema Simba angepata la pili, ikawa 2-2 kwa jumla, ni matuta, yaani penati, moja kwa moja. Jirani yangu mmoja, mtu mzima na heshima zake, akasema hapana, ingechezwa nyongeza kwanza ndo matuta. Tukavutana mpaka dele limepoa. Mwisho tukawekeana, atakaeshindwa analipa kahawa ya baraza zima wiki nzima (kuna mzee pale kaguna kasema hiyo kamari, tukamwambia si kamari hii ni sadaka, kanyamaza lakini kahawa kanywa).

Haya, nani yuko sawa? Na la pili, kuna mwengine kasema eti lile goli la Berkane la mwisho halikuwa na maana yoyote, Simba alikuwa keshatoka tu. Hilo nalo mie silioni hivo.

Mwana_Michenzani

Nyongeza hiyo yakhe, hapana shaka. Mpira wa mtoano ukimalizika sawasawa inachezwa nusu saa. Kila Jumanne na Jumatano tunaona Ulaya hapo kibandani, hili halina hata haja ya kuuliza. Lipa kahawa.

Kipenga_cha_Wete

Wa Michenzani umekwenda mbio. Ulaya na Afrika wanacheza mpira mmoja ila kanuni za mtoano ni mbali mbali. UEFA wa Ulaya walifuta goli la ugenini (jumla ikiwa sawa anapita aliefunga mengi ugenini) kuanzia msimu wa 2021/22, kwa hiyo kwao jumla ikiwa sawa wanacheza nusu saa, bado sawa ndo matuta. CAF wa Afrika goli la ugenini wamebaki nalo, na kwenye mechi za nyumbani na ugenini ikiwa jumla sawa na ugenini nako sawa, hakuna nusu saa, mpira unawekwa pale pale kwenye nukta.

Wala huna haja ya kusaka kitabu cha kanuni, rudi nyuma kidogo tu msimu ule ule. Robo fainali Simba kafungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, kaja uwanja wa Mkapa Dar kashinda 2-0, goli la Mpanzu na la Mukwala. Hiyo si ndo hesabu ile ile mnayogombania barazani? Ilipolia filimbi ya dakika 90 kuna alieona nusu saa? Matuta, 4-1, Camara golini kafanya kazi yake, watu wakalala na furaha. Kwa hiyo Amaan ingekuwa 2-0 ingekuwa vile vile. Wa Chake kashinda.

Mwana_Michenzani

Ngoja kwanza Kipenga usinimalize. Fainali ya 2022 Berkane hao hao na Orlando Pirates ilichezwa nyongeza, nakumbuka vizuri maana nililala na njaa kuisubiri imalizike, na goli zote mbili zilipatikana kwenye nyongeza, 1-1, ndo wakaenda matuta Berkane wakabeba. Sasa hiyo haikuwa CAF?

Kipenga_cha_Wete

Ilikuwa CAF na umekumbuka sawa kabisa. Lakini fainali ile ilikuwa mechi moja, wamepelekwa Uyo, Nigeria, si kwa huyu wala si kwa yule. Mechi moja haina mkondo wa pili wala haina ugenini, kwa hiyo nyongeza ipo. Iweke karibu na ile ya 2019, Berkane na Zamalek: Berkane kashinda 1-0 kwao, Zamalek kashinda 1-0 Misri, matuta pale pale, Zamalek 5-3. Timu moja, kombe moja, mara moja nyongeza mara moja hakuna, tofauti ni mechi moja au mbili.

Jangwani_Mpaka_Darajani

Nyie Makolo wa Simba mnajifunza goli la ugenini leo? Tuulizeni sisi Wananchi wa Yanga. 2023 fainali hiyo hiyo ya Shirikisho, USM Alger kaja kwa Mkapa katufunga 2-1, la kwetu la Mayele, tumekwenda Algiers tumemfunga kwake mbele ya watu wake 1-0 kwa penati ya Djuma Shabani. Jumla 2-2. Tumeshinda mechi ya fainali ugenini Algeria na kombe kachukua yeye! Mama yangu hajui mpira kaniuliza "si mmeshinda, mbona mnalia" na mie nimeshindwa kumueleza mpaka leo. Yaani yale mawili ya kwa Mkapa ndo yaliotuua, hata tungepiga pasi elfu kule Algiers.

Na Berkane wenyewe yaliwapata mwaka uliofuata, 2024, wamemfunga Zamalek 2-1 kwao wamekwenda Cairo wamepigwa 1-0, basi, lile moja la Zamalek la ugenini likawatoa. Ndo maana Amaan walikaa nyuma vile wanapoteza muda, wanajua ladha yake.

Mnyama_Damu_Mkoani

Utopolo ushaingia na vilio vya 2023 😂 Kaka hayo sisi tunayajua kabla yenu. 2018 Al Masry katutoa kwa hili hili, sare 2-2 Dar, 0-0 Port Said, hatukufungwa hata mechi moja tumetoka. 2019 UD Songo ya Msumbiji, 0-0 kwao, 1-1 kwetu, tumetoka tena raundi ya mwanzo kabisa, ile mie niliizima simu siku mbili. Kwa hiyo Al Masry 2025 tulipomtoa kwa matuta kwetu ilikuwa deni la miaka saba.

Na matuta nayo si yetu kila siku, Orlando Pirates 2022 katutoa, Wydad 2023 katutoa, zote mbili 4-3. Jirani wa Chake asidhani yale matuta ya Amaan yangefika ndo kombe lishakuja.

Binti_Jangombe

Mie nilikuwepo Amaan siku ile, Jumapili tarehe 25 Mei, naomba niseme la goli la mwisho maana hilo suali la pili mmelikimbia nyote.

Kwanza mjue hali yenyewe. Mechi ilikuwa ya kwa Mkapa ikahamishiwa kwetu kwa sababu uwanja wa kule mvua ilikuwa imeuharibu, kwa hiyo kutoka uwanja wa watu elfu 60 umekuja kwenye uwanja wa watu kama elfu 15, watu wamevuka na boti asubuhi wengine hata tiketi hawana wanasema tutajua mbele ya safari. Mie nimepata upande wa mzunguko, pembeni yangu kakaa mzee mmoja kavaa kofia ya kiua na kanzu safi kama anakwenda harusini, mkononi ana njugu za karatasi. Mpira umeanza tu kachukua njugu mbili kaziweka goti la kushoto. Nikamuuliza babu hizo huli? Kasema hizi za Berkane, za kule kwao. Mutale alipofunga watu wamerukaruka, mie nimekanyagwa kidole, yeye katoa njugu moja taratibu kaiweka goti la kulia.

Basi sasa mie nikawa natizama uwanja natizama na magoti. Kipindi cha pili kimeanza tu Kagoma kala nyekundu, tumebaki kumi, mzee hajagusa njugu lakini kaacha kutafuna. Tukiwa kumi hivo hivo Mukwala akatia, wallahi sikusikia tena kitu, jukwaa zima limesimama, mzee na yeye kasimama kashika magoti yake zisianguke, kaiongeza ya kulia, mbili kwa mbili. Halafu refa kaitwa na VAR. Hizo dakika za kusubiri sitaki kuzikumbuka. Kuotea, goli hakuna. Mzee kaichukua ile njugu kaila.

Halafu ndo dakika ya 93 Sidibe kawasawazishia Berkane. Uwanja ulinyamaza mpaka nikasikia wachezaji wao wanavoshangiria kule kwenye kona. Mzee kaongeza ya tatu kushoto, kaniangalia, kasema "mjukuu wangu, sasa matatu." Mie nikamwambia babu mbona ni moja tu wametia, tulikuwa tunataka moja, sasa si tutake mawili? Akanitizama kama sikwenda skuli. Akanieleza: tungetia mawili ingekuwa 3-1 kwa jumla 3-3, lakini wao wana moja la ugenini sisi kule kwao hatuna hata moja, wanachukua wao. Kwa hiyo mawili hayatoshi, lazima matatu. Yaani goli lile moja limepandisha bei kutoka moja la kuendea matuta mpaka matatu. Kamimina njugu zote mkononi kazila kwa mpigo kakung'uta kanzu kaondoka kabla ya filimbi.

Kwa hiyo alosema halikuwa na maana, kwa dakika zilizobaki labda, lakini kwa hesabu lilikuwa na maana mara tatu.

Kipenga_cha_Wete

Mzee huyo kasoma. Mtafuteni awe kamisaa wa mechi.

Mtu_wa_Mao

Mie naingia pembeni kidogo msinifukuze. Kila siku Simba na Yanga wanakuja Amaan sisi tunapiga makofi, hata nusu fainali na Stellenbosch ilikuwa hapa hapa, Ahoua katia faulo moja 1-0 wakaenda Durban wakatoa 0-0 wakaingia fainali. Sawa, nimefurahi, mie pia Simba. Lakini msimu ule ule timu zetu wenyewe za Zanzibar nani anazikumbuka? JKU kwenye Klabu Bingwa kapangiwa Pyramids, katolewa mwanzo tu, na Pyramids hao hao ndo waliobeba kombe mwisho wa msimu. Uhamiaji kwenye Shirikisho katolewa na Al Ahli Tripoli, na Al Ahli Tripoli kaja kutolewa na Simba raundi iliofuata, 0-0 kwao na 3-1 Dar. Ukitizama hivo wetu hawakutolewa na watu wadogo, ila hatuwapi hata hiyo sifa. Siku JKU inacheza ligi jukwaani watu wa kuhesabu, wauza njugu wengi kuliko watizamaji.

Mnyama_Damu_Mkoani

Kweli tupu. Ila huku Pemba uwanja wa Gombani nako watu hawajai, sio Unguja peke yenu.

Mwana_Michenzani

Mtu wa Mao umenichoma, nakaa hatua chache kutoka uwanjani na sijaingia mechi ya ligi mwaka mzima. Na kuhusu nyongeza nimekubali, nilichanganya na Ulaya. Wa Chake kanywe kahawa yako kwa amani.

Mkaa_Baraza_Chake

Ahsanteni sana nyote, Mungu awabariki, hasa Binti Jangombe, ile ya njugu nimewasomea barazani kwa sauti wamecheka mpaka wapita njia wamesimama.

Lakini kahawa sijainywa kwa amani. Nimemsomea jirani yangu majibu yote, ya Kipenga mara mbili, kakaa kimya, kavuta kahawa yake, halafu kasema: "Mie nilisema nini? Nilisema nyongeza. Goli la Berkane limefungwa dakika ya ngapi?" Nikamwambia ya 93. "Hizo dakika tatu zinaitwaje?" Nikamwambia dakika za nyongeza. Kasema "basi nyongeza si zilichezwa?" Na baraza zima likapiga makofi, hata wale walokuwa upande wangu!

Nikasema jamani hizo ni za kufidia muda, si nyongeza ile ya nusu saa, wakaniambia kwani mtangazaji anasemaje? Na mtangazaji kweli anasema "tupo dakika za nyongeza" kwa zote mbili. Kijana wa kahawa kashika daftari lake tangu magharibi hajui deni aliandike kwa jina la nani.

Kipenga_cha_Wete

Mwambie aandike la yule mzee aliesema kamari. Si kanywa?