Mti mkubwa umeanguka: mkangazi na msambu ukae wapi ndani ya pengo?

Maotea:
Wakuu, habari za kazi. Mti wa mnyasa umeanguka Usambara Mashariki, mteremko wa chini. Pengo ni mita 14 kaskazini-kusini, mita 9 kwa upana. Miti ya pembeni ina kimo cha mita 25. Kuna miche ya mkangazi (Khaya anthotheca) na msambu (Allanblackia stuhlmannii), yote sm 30. Programu ya simu ya kupima mwanga inasoma lux (kipimo cha mwanga) 9,000 katikati, 1,500 chini ya miti. Kila mche uende wapi?

BwanaMiti:
Mkuu, namba za simu ziweke kando kwanza. Simu hupima mwanga kama jicho linavyouona. Majani ya juu yameshanyonya nyekundu na buluu. Kinachobaki chini kwa sehemu kubwa ni kijani, ambacho jicho hukiona vizuri kuliko mche unavyokitumia. Subiri siku ya mawingu yaliyotanda sawasawa, pima ndani, kisha haraka pima penye anga wazi, upate asilimia. Chini ya miti iliyofunga huwa 1 hadi 2 tu.

Tena usipime Juni peke yake. Kwa latitudo ya 5 kusini, mwezi huo kivuli cha mti wa mita 25 hufika mita 13 upande wa kusini hata saa sita mchana, kwa hiyo katikati pako hapaoni jua kabisa. Oktoba panawaka.

Mkangazi katikati, msambu ukingoni. Na tafadhali msiongeze pengo kwa panga! Hondohondo huleta mbegu za msizi (Maesopsis eminii), nao kwenye mwanga mwingi huipita miche yote. Mkangazi ukikaa juani kabisa, kiwavi wa Hypsipyla robusta hutoboa kichipukizi cha juu, mti unagawanyika mapema.

Maotea:
Nashukuru. Ukingoni msambu ukidumaa, nijuaje kama ni giza?

Kitalu:
Ndugu, giza hutoa shina jembamba kama njiti, majani mapana na laini. Majani yakinyauka mchana huku udongo umekauka sm 10 chini, ni mizizi ya miti mikubwa inayokunywa maji yote. Sogeza mche mita 2 ndani. Kila miezi 3 pima kipenyo cha shina kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), palepale ulipoweka alama ya rangi. Kimo pekee hudanganya.