Faini 20,000 ama miezi sita, kuna vile inapunguzwa?

SoksiTatuMia: Wadau habari. Mdogo wangu alishikwa Alhamisi akiuza soksi pale karibu na soko la Muthurwa, Nairobi, bila leseni, Ijumaa akasimamishwa kortini akakubali makosa chap chap akidhani ataachiliwa na onyo, kumbe ni faini 20,000 ama miezi sita ndani. Mzigo wenyewe haufiki hata elfu tatu jamani! Tumechanga tukafika 8,000. Kuna jamaa hapo nje anasema nimpe 5,000 "aongee na watu".

KaraniMstaafu: Huyo wa 5,000 achana naye kabisa, faini inalipwa kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, na risiti inatoka. Sasa skiza, kwa vile alikubali makosa hawezi kukata rufaa kusema hana hatia, lakini ukubwa wa adhabu anaweza kuupinga, na ana siku 14 tu tangu hukumu. Njia ingine ni kuandika barua Mahakama Kuu, kitengo cha jinai Milimani, kuomba jaji apitie hiyo adhabu. Weka namba ya kesi, sema ni kosa la kwanza, ana watoto wangapi, mzigo ulikuwa wa pesa ngapi. Barua ya kurasa mbili inatosha, usiandike insha.

MamaWaKayole: Na hizo 8,000 msizikalie! Sheria inaruhusu kulipa nusu nusu na siku za jela zinapungua kulingana na ulicholipa. Miezi sita kwa 20,000, kila elfu moja inakata kama siku tisa hivi, piga hesabu.

SoksiTatuMia: Eh! Hiyo hakuna mtu alituambia. Lakini si nikilipa sasa nitakuwa nimekubali ile yote?

KaraniMstaafu: Hapana, lipa na barua iende. Jaji akipunguza ikawa chini ya mlicholipa, mnaomba kurudishiwa, japo hiyo ya kurudishiwa inahitaji subira ya Ayubu.

Baba_Njiru: Mimi ningeomba kazi za jamii badala ya pesa, sheria yake iko tangu 1998, na kwa kosa dogo kama hili ingefaa. Afisa wa probesheni anakuja kuuliza nyumbani, kwa hivyo mwambieni chifu na mwenye nyumba mapema wasiseme hawamjui.

SoksiTatuMia: Mwenye nyumba ndio shida, tuna deni lake la miezi miwili 😅

MamaWaKayole: Basi mpeleke afisa kwa jirani. Na hakimu anaweza kuwapa muda wa kulipa mkiomba, mwambie wakili wa msaada ama nendeni Kituo cha Sheria, lile shirika la msaada wa kisheria, hawatozi.

SoksiTatuMia: Sawa, kesho saa mbili niko kwa karani na hizo 8,000.