Mama anakufa ganzi usiku, daktari kamgonga kifundo cha mkono kasema hana kitu. Tumwamini?

MlaMigebuka: Wakuu, habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Mama ana miaka 54, kazi yake tangu nikiwa mdogo ni mawese, anazungusha mashine ya kukamulia kwa mkono. Miezi minne sasa anaamka saa nane usiku mkono wa kulia umekufa ganzi, anaukung'uta mpaka urudi. Juzi daktari kamgongagonga kifundoni, kamkunjisha mkono kidogo, kamuuliza kama anasikia shoti. Mama kasema hapana. Tukaambiwa mshipa wa fahamu haujabanwa, tukapewa vidonge vya maumivu. Nimpandishe treni Dar?

BintiKasulu: Pole mkuu. Mchue na mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) ya moto, hiyo baridi tu.

FizioTabora: Mise weka pembeni kwanza. Ganzi iko vidole gani? Na alikunja mkono kwa muda gani?

MlaMigebuka: Gumba, shahada, cha kati, na cha pete upande mmoja. Kidole kidogo hakina ganzi. Kukunja hata sekunde kumi hazikufika, daktari alikuwa anaandika huku.

FizioTabora: Basi hapo hakupimwa. Kipimo cha Phalen ni kukunja vifundo na kutulia sekunde 60. Kile cha kugonga ni cha Tinel, Mfaransa aliyekieleza mwaka 1915 kwa majeruhi wa vita, akitafuta kama mshipa uliokatika unaota tena. Kwa mshipa uliobanwa kifundoni kinakosa watu wengi, kwa hiyo "hapana" yake isikutulize. Kipo pia cha Durkan, kubana kifundo kwa gumba sekunde 30. Hakuna hata kimoja kinachojitosheleza. Mimi vidole ulivyotaja, na huko kukung'uta usiku, ndivyo vinanishtua kuliko nyundo yoyote. Kidole kidogo kingekuwemo ningeangalia kiwiko. Shingo nayo ichunguzwe.

FundiCherehani_Ujiji: Mimi kinyume chake jamani. Walinigonga kiwiko nikaruka, nikaambiwa mshipa umebanwa, nikaacha kushona wiki tatu. Baadaye nikapimwa kwa umeme, uko salama!

FizioTabora: Kiwiko ukikigonga hata mzima anaruka, fundi. Ila na kipimo cha umeme hukosa waliobanwa kidogo. Mkuu, Dar isubiri. Mama alale na kifundo kimenyooka, kifungwe kibao chepesi kwa kitambaa, kisibane. Apimwe sukari na tezi ya shingo, maana nazo huleta hali hii. Ukiona nyama ya chini ya gumba imekonda, au vitu vinamdondoka, hapo usisubiri.

MlaMigebuka: Dokta, nimemkunjisha sasa hivi na saa ya simu. Sekunde ya 40 kasema, "Toa, mwanangu, ndiyo ganzi ile ile ya usiku." Nyama ya gumba naona iko sawa na ya kushoto. Jumatatu tunarudi kwa daktari yule yule, na safari hii nitahesabu mimi.