Kabati la marehemu bibi: rangi ya kuiga mbao na maua ya kubandika, au kukwangua na kupiga polishi?

Mwana_Ngamiani
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa haraka maana mafundi wanataka jibu Jumamosi. Nina kabati la vyombo la marehemu bibi, la zamani sana, juu lina vioo na chini lina milango miwili. Limechoka. Fundi wa kwanza, mtu mzima, kasema analikwangua lote, anapiga msasa kisha polishi, 350,000. Wa pili ni kijana. Yeye anasema hakuna haja ya kukwangua, analipaka rangi ya kuiga mbao, ile yenye mishipa kabisa, na kwenye pembe anabandika maua ya nakshi anayoyatengeneza mwenyewe. Jumla 180,000. Kanionyesha picha kwenye simu, yanapendeza. Nichukue lipi?

Seremala_Mstaafu
Mjukuu wangu, umeandika yote isipokuwa yanayotakiwa. Ni mbao gani? Sasa hivi limepakwa nini? Litakaa sebuleni au barazani linakopigwa na manyunyu? Umekwenda kwa mshonaji kuuliza bei huku kitambaa umekiacha nyumbani.

Kipusa_wa_Kariakoo
Na picha je? Uzi wa kabati bila picha!

Mwana_Ngamiani
Picha zinagoma kupanda. Mbao sijui mzee wangu, ila ni nzito, tulilibeba watu wanne. Rangi yake kahawia iliyoiva, inakaribia nyeusi. Litakaa sebuleni.

Seremala_Mstaafu
Kila kabati la zamani ni zito na lina kahawia iliyoiva. Huo ni uchafu wa miaka, si rangi ya mbao. Chomoa droo uitazame kwa nyuma, pale ambapo fundi hakupaka kitu. Ukiona kahawia yenye wekundu na michirizi ya giza, huo ni mninga. Ikiwa ni manjano yaliyogeuka kahawia ya dhahabu, yaelekea ni mvule. Ukipapasa ukahisi mafuta mafuta, na ukikwaruza panatoka harufu kama ya ngozi, ni msaji.

Halafu chukua pamba, ilowanishe spiriti, ile ya kawaida ya duka la rangi, ufute mahali pasipoonekana. Pakilainika na pamba ikatoka na kahawia, lilipigwa polishi ya vigamba, ile inayolowekwa kwenye spiriti. Spiriti isipofanya kitu, jaribu tinna. Tinna ikilainisha, hiyo ni lakka ya kupuliza. Zote mbili zikishindwa, ni vanishi ya mafuta au jamaa zake. Fanya hivyo ndipo urudi tuzungumze bei.

Bi_Mkunazini
Mie sina haja ya kungoja majibu ya pamba. Kupaka rangi ya mbao juu ya mbao! Mtu ana mninga wa bibi yake halafu anamlipa kijana auchore mninga mwingine wa uongo juu yake. Mwanangu, kwangua hilo kabati. Ukitaka pambo, mtafute mchongaji akuchongee ukanda wa mvule uupigilie juu, jambo la heshima. Si maua ya unga unga.

Wa_Likoni
Bi Mkunazini, kwa heshima zako, kazi ya mishipa naifanya mimi huku Mombasa na sioni aibu. Si uongo, ni ufundi. Wazungu wa karne ya 19 walikuwa na milango ya msonobari, mbao rahisi, wakaipaka ikafanana na mwaloni, tena ni majumba ya watu wenye uwezo. Kazi ikifanywa sawa, mtu anagonga kwa kidole ndipo ajue.

Mwana Ngamiani, muulize huyo kijana anafanyaje. Kwangu mimi naanza na msasa mwepesi ili rangi ishike, kisha undakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, kisha rangi ya msingi ambayo lazima iwe nyepesi kuliko mbao unayoiiga. Kwa mninga naweka rangi ya mchanga wenye wekundu kidogo. Hiyo ikikauka kabisa, juu yake napitisha rangi nyembamba ya kahawia iliyozimuliwa, na kabla haijashika naivuta kwa kitana. Kitana nakikata mwenyewe kwa raba ya kandambili kuukuu, meno mengine mapana, mengine membamba, yasilingane. Hiyo ndiyo siri, mbao halisi haina mistari ya daftari. Mwisho vanishi.

Na muulize atatumia rangi ya maji au ya mafuta. Kwa joto la kwenu Tanga, ile ya maji inakauka mkononi hujamaliza mlango mmoja. Ya mafuta inakupa nafasi ya kukosea na kufuta.

Kipusa_wa_Kariakoo
Kandambili gani, zile za bluu?

Wa_Likoni
Rangi yoyote dada. Ila ziwe zimeshaoshwa.

MamaPacha_Mbagala
Mdogo wangu kabla hujalipa mtu, keti nikusimulie.

Mwaka juzi nilinunua meza ya kujipambia, mtumba, kwa ajili ya mdogo wangu aliyekuwa anaolewa. Fundi akaipaka rangi ya mafuta, akachora mishipa kwa kitana kama anavyosema huyo wa Likoni. Wallahi ungeapa ni mvule. Akabandika maua manne ya unga wa mbao kwenye pembe za kioo. Kama ningenyamaza hapo, ningekuwa na meza mpaka leo.

Siku tatu kabla ya shughuli nikamwambia naitaka ing'ae zaidi. Akaenda kuazima kompresa, akapuliza lakka ya tinna juu ya ile rangi ya mafuta ambayo hata siku mbili haijamaliza. Haikuchukua muda nikaona uso wa meza unajikunja kama utando wa maziwa ya moto unapoupuliza. Makunyanzi tupu. Badala ya kuacha, akapuliza tena eti afunike. Na ilikuwa masika, nguo haikauki kwenye kamba. Pale palipopona makunyanzi pakapauka, pakawa na ukungu mweupe ndani kwa ndani, haufutiki.

Nikasema angalau maua yapo. Usiku nasikia "tap". Asubuhi ua liko sakafuni, limeng'oka na ngozi ya rangi ya ukubwa wa kiganja. Kumbe aliyabandika juu ya rangi! Gundi ilishika rangi vizuri sana, rangi ndiyo iliyoiachia mbao. Meza ilikwenda ukweni imefunikwa kitenge, na mama mkwe akakifunua mbele ya watu.

Nilimlipa nusu ya awali. Nusu ya pili bado ananipigia.

Kipusa_wa_Kariakoo
"Mama mkwe akakifunua" 😂😂 pole dada.

Seremala_Mstaafu
Pole sana. Kosa ni la fundi, lakini wateja nanyi mna haraka ya shughuli. Tinna ya lakka ni kali, inaila rangi ya mafuta kutoka juu. Rangi ya mafuta inamalizwa kwa vanishi ya mafuta, na baada ya kungoja. Ule weupe nao ni unyevu wa hewa ulionaswa lakka inapokauka. Mvua zikiwepo hatupulizi, tunakunywa kahawa.

Wa_Likoni
Naongeza kwenye maua. Unga wa mbao uchekeche kwa chekecheo ya chai, changanya na gundi nyeupe mpaka uwe kama unga wa maandazi, kandamiza kwenye kalibu, uache kivulini siku mbili tatu. Ukilianika juani linapinda na kupasuka. Likikauka linasinyaa kidogo, hivyo kalibu iwe kubwa kuliko unavyotaka. Libandike kwenye mbao iliyo uchi, uweke na kijipini cha msumari kisicho na kichwa, NDIPO upake rangi kila kitu pamoja. Aliyekuja na maua baada ya rangi hajui kazi.

Bi_Mkunazini
Mnamfundisha mtu kukanda maandazi ya kabati. Kwetu pambo la samani ni njumu za shaba, yaani misumari ya pambo yenye vichwa vikubwa. Mmeona masanduku ya zamani? Njumu zimepangwa kwa safu na maumbo, miaka mia zinasuguliwa kwa ndimu na majivu, na bado zipo.

Jembe_la_Mwanza
Njumu si zile za kwenye milango ya Zanzibar za kuzuia tembo wasisukume mlango?

Bi_Mkunazini
Tembo gani wa Unguja mwanangu? Hiyo ni habari ya Bara Hindi, ndiko mtindo ulikotoka. Kwetu ni pambo na ukubwa wa mwenye nyumba, basi.

Binti_Muscat
Shangazi, na masanduku yenyewe mengi yalikuja kwa majahazi kutoka Hindi, Surat na Bombay. Huku Omani yapo tele na kila nyumba inasema ni yake. Sisi tunalo moja, bibi alilitoa Unguja, lina droo tatu chini na kijisanduku cha siri ndani.

Bi_Mkunazini
Yalikuja, sikatai. Lakini mafundi wa Unguja na Lamu nao walitengeneza. Tusivuliwe kila kitu.

Binti_Muscat
Sijakuvua kitu shangazi 🙏

Jembe_la_Mwanza
Kijisanduku cha siri kilikuwa na nini?

Binti_Muscat
Risiti za umeme.

Mwana_Ngamiani
Nimerudi. Nimechomoa droo. Ni kahawia yenye wekundu na michirizi, kwa hiyo mninga? Pamba ya spiriti imetoka kahawia tii na pale nilipofuta pananata. LAKINI milango ya chini si mbao nzima. Ni plaiwudi iliyobandikwa vinia, ule ubao mwembamba kama karatasi, na kwa chini imevimba na kubanduka, nadhani maji ya kudeki. Pia ndani ya kabati kuna rangi ya kijani ya zamani inayopukutika. Halafu nilisahau kusema, kaka yangu anasema kabati ni la wote.

Seremala_Mstaafu
Ona sasa! Hayo ndiyo ungeyaanza nayo.

Kiunzi ni mninga wenye polishi ya spiriti. Huna haja ya kukwangua, na 350,000 ni pesa nyingi kwa kazi hiyo. Lifute vumbi na nta kwanza, kisha pitisha spiriti kidogo kidogo kwa brashi laini. Polishi ya zamani inalainika na kujilaza upya, nyufa ndogo zinajifunga. Ikikauka, piga polishi mpya juu kwa kitambaa kilichofungwa pamba ndani, mikono mingi myembamba, yaani tabaka juu ya tabaka. Mapungufu yake ni kikombe cha chai ya moto, kinaacha duara jeupe, basi weka vitambaa.

Vinia iliyovimba ni habari nyingine. Kama haijapasuka, ichane kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, weka karatasi na uzito juu hadi kesho. Kama imeoza, itoke.

Wa_Likoni
Hapo sasa mzee ananipa mwanya. Kiunzi abaki na mninga wake, milango miwili ya plaiwudi tuichore mishipa ifanane na mninga wa pembeni. Ndiyo kazi hasa ya rangi hii, kuunganisha kilichoharibika na kizima. Ila miimo mishipa isimame wima na vipande vya kulala mishipa ilale. Vijana wengi wanaivuta yote upande mmoja, kabati linaonekana limefungwa karatasi ya zawadi.

Bi_Mkunazini
Au toa plaiwudi utie henzirani iliyosukwa, ile mianzi myembamba ya kusukia viti, kama makabati ya zamani yalivyokuwa. Vyombo vinapata hewa.

MamaPacha_Mbagala
Na mende wanapata mlango.

Nesi_wa_Bombo
Naingilia kidogo. Hiyo rangi ya kijani inayopukutika usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba, hasa kama kuna watoto wadogo. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ndilo baya. Lowanisha kwanza, fanyia nje, vaa barakoa, na mabaki uyakusanye kwenye gazeti, usiyafagilie uani kwa kuku.

Mwana_Ngamiani
Asanteni sana, hilo la kijani sikulijua kabisa. Watoto wawili wapo. Nimempigia yule kijana nikamuuliza maua anayabandika kabla au baada ya rangi. Akasema "inategemea". Inategemea nini sikuelewa. Yule mtu mzima nilipomwambia nataka spiriti tu bila kukwangua, kasema basi 300,000 na hashuki, nikamwona kama kanuna.

Seremala_Mstaafu
Kanuna kwa sababu umekwenda na maneno ya mtandaoni. Mwambie akuonyeshe kazi yake kwenye kipande kimoja, droo moja tu, umlipe ya droo. Na kijana naye akuchoree kipande cha plaiwudi. Viweke vyote sebuleni siku mbili, uvione mchana na usiku kwa taa.

Wa_Likoni
Hapo nakubaliana na mzee, mara ya kwanza leo.

Jembe_la_Mwanza
Samahani kuingilia, kuna anayejua namna ya kuondoa kutu kwenye miguu ya cherehani ya zamani? Nataka niweke kioo juu iwe meza.

Bi_Mkunazini
Cherehani inashona? Kama inashona usiiguse!

Jembe_la_Mwanza
Inashona bibi, lakini hakuna anayeshona.

Bi_Mkunazini
Basi nipe mie.

Mwana_Ngamiani
Wakuu, Jumamosi imepita. Kaka kaja na pikapu kachukua sehemu ya juu yenye vioo, kasema kule kwake kuna fundi wake. Mimi nimebaki na ya chini, yaani ile yenye milango iliyovimba. Mama anasema tukae kikao kwanza. Mzee Seremala, sehemu ya chini peke yake inaweza kusimama kama meza ya runinga?

Seremala_Mstaafu
Inaweza. Upana wake kiasi gani?

Kipusa_wa_Kariakoo
Na picha.